Swala wa Saanane na Watu wa Uwanja

Mwezi Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuushambulia mji wa Mwanza, ulikokuwa uwanja wa ndege za kivita za Tanzania. Ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Kisa hicho kimeandikwa na kurudiwa mara nyingi, na wasikiao hucheka. Swali moja tu haliulizwi: waliokuwapo uwanjani siku hizo ni nani?

Swala wamepata mahali pao katika historia. Watu ambao mabomu yale yalikusudiwa kwao hawajapata.

Ndege ya kivita hairushwi na rubani peke yake. Lazima awepo wa kuijaza mafuta, wa kuipakia mabomu, na wa kufagia njia yake, maana kijiwe kikivutwa ndani ya injini kinaweza kuiangamiza. Ndege ya aina ya MiG-21 inapotua hufungua mwamvuli nyuma yake ili ipunguze mbio. Mwamvuli huo yupo aliyeukunja kwa mikono yake, na akiukosea, rubani ndiye alipaye. Yupo pia mpishi, yupo mlinzi, yupo mpiga mizinga akodoleaye mawingu usiku kucha. Hao wote hufichwa nyuma ya neno moja: "jeshi".

Atakuja mtu aseme: Mwanza ni Mwanza, Iringa na Mbeya zinahusika vipi? Zinahusika sana. Jeshi lile lilikusanya watu wa nchi nzima, likaongezewa mgambo wapatao 40,000, na Nyanda za Juu Kusini hazikubaki nyuma. Vita vikaisha, uwanja ukabaki ziwani. Lakini aliyeutumikia alirudi kwao. Akarudi Mufindi kwenye chai, Kilolo kwenye mahindi, Rungwe kwenye migomba. Hadithi ya uwanja haikai uwanjani. Hukaa kwa mwenyewe, na huzungumzwa jioni karibu na moto, kwa Kihehe au Kinyakyusa, mbele ya wajukuu wanaosinzia.

Tazama sasa tofauti iletwayo na kalamu. Roald Dahl alikuwa mtumishi wa kampuni ya Shell mjini Dar es Salaam. Vita vya mwaka 1939 vilipoanza akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akapigana angani Ugiriki mwaka 1941. Mwaka 1986 akayatoa hayo katika kitabu, na hadi leo dunia inamsoma. Hakuwa shujaa kuliko mzee wa Mufindi. Alikuwa na wino, na palikuwa na mchapishaji aliyemngoja.

Lawama hii inawaangukia watu wa ushairi kuliko wengine. Pwani ndiyo yenye mazoea ya kuvitungia vita tenzi. Shaaban Robert aliutunga Utenzi wa Vita vya Uhuru. Na vita vya Kagera vilipata utenzi wa Henry Muhanika, uliochapwa mwaka 1981. Chombo kipo, basi. Kinachokosekana ni masikio. Mshairi wa visiwani husema, "Hayo ni ya bara." La hasha! Jeshi lile lilikuwa la Jamhuri nzima, na vijana wa Unguja na Pemba walikula chungu kimoja na hao wa Iringa. Mshairi aliyezoea kuyasifu mawimbi ataukosaje ubeti wa mtu aliyekesha akizikunja nguo za mwamvuli?

Wengine hujikinga kwa hoja ya siri za jeshi. Siri gani iliyomo katika uji wa saa kumi alfajiri, au katika hofu ya kijana aliyekuwa hajapata kusikia ngurumo isiyo ya mvua? Asiyeombwa michoro ya silaha hana cha kuficha. Anayoombwa ni maisha yake.

Na muda hauchezi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Hesabu iliyobaki kila msomaji na aimalizie. Iringa ina makumbusho tangu mwaka 2016, katika boma la zamani la Wajerumani. Si vigumu sauti za wazee kuwekwa humo. Mbeya ina vyuo na vijana wenye simu zenye kunasa sauti. Visiwani kuna wanaojua kugeuza maneno ya mzee yawe tungo isiyosahaulika. Watatu hao hawajakutana bado, na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mashada huwekwa na hotuba husomwa, kisha wazee hurudi majumbani bila ya kuulizwa neno.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini hawa walikuwapo. Asiyekuwapo ni mwandishi.