Mkebe wa samaki uliopanda nawe mlimani, ushuke nawe

Kila Ijumaa jioni makundi ya WhatsApp ya wapanda milima hapa Nairobi hujaa swali moja: tubebe chakula gani? Majibu nayo ni yale yale. Mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, pakiti mbili za krispi na soda. Kwa Ngong Hills hiyo inatosha, maana ukishuka hutakosa mahindi choma. Lakini ukienda kulala siku mbili tatu Aberdare au Mlima Kenya, krispi zitakuangusha. Sisi tunasema beba samaki wa mkebe. Tunasema pia kwamba mkebe huo ni wako mpaka urudi nao nyumbani, na hapo ndipo wengi wetu hutoweka.

Kwanza, kwa nini samaki? Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini ina 4. Mkebe mdogo wa sadini wa gramu 125 una mafuta na protini pamoja, ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa pembeni wa begi. Hauhitaji friji. Haupasuki kama yai, haupondeki kama mkate uliolaliwa na hema. Hata mifupa imelainika, unatafuna tu. Ukiwa dukani ukapata wa mafuta na wa maji, chukua wa mafuta. Yule wa maji mwachie anayepunguza uzito mjini. Wewe hayo maji utayabeba bure mgongoni.

Halafu kuna suala la jiko. Ukifika Shipton's Camp, mita 4,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi badala ya 100. Maharagwe yatatokota jioni nzima, gesi iishe, na bado yawe mawe. Samaki wa mkebe alishapikwa kiwandani akiwa ndani ya mkebe wake, kwa joto linalopita nyuzi 100. Kazi yako ni kufungua. Toa chapati ulizotoka nazo nyumbani, katia kitunguu na pilipili, kamua limau, kula. Mwenye baridi amwage mkebe mzima kwenye tambi za moto. Mbinu yenyewe ni kongwe: Mfaransa Nicolas Appert alichapisha namna ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizofungwa na kuchemshwa mwaka 1810, na mwaka huo huo Peter Durand akapata hataza Uingereza iliyojumuisha mikebe ya bati. Waliofikiriwa wakati huo ni wanajeshi na mabaharia, si watu wa selfi, lakini shida ni ile ile ya kula mbali na jiko.

Kuna atakayeuliza, mbona tusibebe omena wetu? Swali zuri. Omena aliyekaushwa hana maji ndani, kwa hivyo kwa uzito ule ule unapata chakula kingi zaidi kuliko kwenye mkebe, na bei haiumi. Tatizo ni mapishi: kumwosha mara tatu na kumkaanga kwenye jiko dogo la gesi, vidole vikiganda, ni adhabu. Mkaange nyumbani hadi awe mkavu kabisa, umbebe kwa safari ya siku moja. Kijana mwenye akili ya biashara aifikirie omena iliyo tayari kuliwa, iliyofungwa vizuri kwa ajili ya wapanda milima. Sisi tungenunua.

Sasa tahadhari, kwa sababu hospitali iko mbali ukiwa huko juu. Usinunue mkebe uliovimba, unaovuja, au uliobonyea pale kwenye ukingo uliounganishwa. Mkebe uliovimba huweza kuwa na bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini, na sumu hiyo huua. Kagua nyumbani, si mlimani. Umeona pakiti ya krispi inavyofura ukipanda? Hewa ya huko ni nyepesi, na mkebe nao unaweza kukuchanganya usijue ulivimba lini. Ukishafungua, maliza, jodari, ile tuna ya dukani, akiachwa wazi kwenye joto hutengeneza histamini, na hapo utawashwa na kuumwa na kichwa ukidhani ni mwinuko. Kwa sababu hiyo pia usiwahamishie samaki kwenye kontena nyumbani eti upunguze uzito. Na tafadhali, usiweke mkebe uliofungwa juu ya moto. Utalipuka.

Tufike kwenye lililotufanya tuandike. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa nchini, kwa hivyo getini unaacha ile chupa ya maji ya dukani. Mkebe wa bati haukuguswa na marufuku hiyo. Unapita getini ukiwa umejaa. Swali ni kama utapita tena ukiwa mtupu.

Tunajua visingizio. Wa kwanza anasema ataufukia. Harufu ya mafuta ya samaki haifukiki. Fisi ataufukua usiku huo huo, au pimbi wa kambini ataupata asubuhi, na mfuniko ule unakata ulimi kama wembe. Wa pili anasema atauchoma. Kinachoungua ni karatasi ya jina. Bati linabaki pale, jeusi, likingoja mguu wa mtu. Wa tatu ndiye anayetukera zaidi: eti mpagazi atashuka nao. Mpagazi analipwa kubeba mzigo mliokubaliana, na baadhi yenu mlishapigania hata hiyo bei. Uchafu wako si sehemu ya mkataba.

Na usidhani ni suala la mandhari ya picha tu. Maji mengi yanayotoka kwenye mfereji wako Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini linajazwa na mito ya Aberdare. Ule mlima unaoutupia mkebe Jumamosi ndio unaokuletea maji ya kuoga Jumatatu, yakija.

Kuubeba mkebe mtupu si kazi. Pangusa mafuta yote kwa kipande cha chapati, ule. Hizo ni kalori ulizolipia. Rudisha mfuniko ndani, kanyaga mkebe kwa kiatu hadi ulale bapa, kisha utie kwenye kopo tupu la majarini lenye kifuniko kinachobana. Hautanuka begini na hautakukata. Watu wanne wanaokula pamoja wanunue mkebe mmoja mkubwa wa gramu 425 badala ya midogo minne. Chakula kinakaribiana, bati ni moja.

Ninyi mnaoandaa safari hizi na kukusanya pesa kwa simu, mna uwezo ambao askari wa wanyamapori hawana: orodha ya majina. Kabla ya kuondoka, andika kwenye kundi nani amebeba mikebe mingapi. Mkishuka, kabla dereva hajawasha matatu, hesabuni. Ikiwa ilipanda kumi na miwili na imeshuka tisa, watu waulizane hapo hapo, kwa majina, na mwenye mkebe usioonekana asiandikishwe safari ijayo hadi aeleze alikouacha.