Kwa Nini Timu Yetu Inaitwa Chui

Ndugu zetu, tulibishana Jumamosi mbili mfululizo juu ya mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona porini. Timu yetu ya mpira ilihitaji jina. Shirika moja hapa Kampala lilikubali kutununulia jezi, lakini fomu yao ilikuja na jina limeshajazwa: neno la Kiingereza la mkimbizi, halafu FC. Kwa jezi tulisema asante sana. Jina tukalikataa. Wakatuambia basi leteni lenu, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Vijana wa Kongo, ambao ndio wengi kwetu, walisema Chui bila hata kufikiri. Timu ya taifa lao ni Léopards. Mwaka 1974, nchi ikiitwa Zaire, ilichukua Kombe la Afrika kule Misri, na mwaka huohuo ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa mechi zote tatu, moja kwa mabao 9 kwa 0 na Yugoslavia. Lakini walifika, na hilo halifutiki.

Mzee mmoja wa Bukavu, ambaye hukaa pembeni ya uwanja akitutunzia viatu, akatikisa kichwa. "Wanangu, ile ngozi mnajua ilikaa kwenye kichwa cha nani?" Tulijua. Mobutu na kofia yake ya ngozi ya chui, kwenye noti na kwenye kila ukuta. Alipoanguka Mei 1997, hata timu ya taifa ilibadilishwa jina ikawa Simba, na ilipita miaka kabla ya Léopards kurudi. Kwa mzee, chui ni askari anayegonga mlango usiku. Nani angemwambia anakosea? Tukanyamaza, Jumamosi ya kwanza ikaishia hapo.

Wiki ya pili akasimama mwenzetu wa Sudan Kusini, Mnuer. Akasema kwao kuna mtu anayevaa ngozi ya chui begani, na hana jeshi wala polisi. Mtu akiua, hukimbilia nyumbani kwa huyo mwenye ngozi. Akishaingia pale, ndugu wa marehemu hawamgusi. Mwenye ngozi hukaa katikati ya familia mbili mpaka wakubaliane ng'ombe wa fidia. Tulitazamana. Ngozi ileile! Huku inatisha watu, kule inawapa pa kukimbilia.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusema. Dada yetu Msomali akatukumbusha mto Shabelle, unaoshuka kutoka milima ya Ethiopia: shabeel ni chui, huo ni mto wa chui. Warundi wakasema ingwe. Jirani yetu Mganda, aliyekuja kutazama tu, akacheka: "Hiyo si ngo?" Ngo ni ukoo mmojawapo wa Buganda, na chui ndiye mwiko wao, hawamuui wala kumla. Ngo, ingwe, hata nkoi ya Kilingala, ukiyasema haraka unasikia kwamba ni neno moja lililotembea mbali likabadilika njiani. Sisi tunalielewa hilo.

Lakini tusijidanganye, tulikuwa na ujinga wetu pia. Kijana aliyeleta picha ya kuchapisha kwenye jezi alileta duma! Duma ana madoa mazima meusi na mistari miwili kama machozi kutoka machoni hadi mdomoni. Chui hana machozi hayo, na madoa yake yamejikusanya kama maua, tena hakuna chui wawili wenye madoa yanayofanana. Mwingine akaleta chui milia, ambaye ni wa Asia.

Wazungu wa zamani nao walikosea. Jina leopardus liliunganishwa kutoka maneno mawili, simba na pardos, kwa sababu walidhani chui ni mtoto wa simba aliyezaa na mnyama mwingine. Yaani si mnyama kamili, ni nusu na nusu. Uongo ule umekaa ndani ya jina mpaka leo. Chui mwenyewe hana habari. Anaishi kutoka Afrika Kusini mpaka mashariki ya mbali ya Urusi, msituni, milimani, kwenye nyika kavu, hata pembeni ya miji mikubwa kama Mumbai. Hakuna paka mkubwa mwingine aliyeenea kama yeye.

Maoni yetu ni haya. Jina ulilopewa na mtu asiyekujua linaweza kukaa muda mrefu bila kuwa kweli. "Mkimbizi" ni neno la sheria, linatulinda, na kwenye karatasi tunalihitaji. Hatulionei aibu. Lakini uwanjani siku ya Jumamosi, tukicheza na vijana wa mtaa, halisemi sisi ni nani. Linasema tu kilichotupata.

Kwa hiyo ndugu mnaofanya kazi na sisi, tunawaomba jambo dogo: mkileta fomu, mstari wa jina uacheni wazi. Mtatusubiri Jumamosi mbili, tutagombana kidogo, lakini katika kugombana huko Mkongo alimsikiliza Mnuer, na Mganda akawa mwenzetu. Semina ngapi zimefanya hivyo?

Tukapiga kura, Chui ikapita. Tulimwendea mzee kwanza kabla ya kutangaza. Akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini asionekane mtu na kofia."

Hakuna kofia, mzee. Ni jezi tu.