Kesi Inayofuatwa Hadi Mwisho

Ukatili wa majumbani haukufika mbele ya sheria wenyewe. Vyama vya kutetea haki za wanawake ndivyo vilivyoufikisha huko. Zamani mke aliyepigwa alikuwa na wazazi wake, somo yake na wazee wa pande mbili, na wengi wao walikuwa na lengo moja, ndoa isivunjike. Leo katika Afrika Mashariki yako madawati ya jinsia katika vituo vya polisi, ziko sheria na iko mipango ya taifa, na nyuma ya kila hatua kuna wanawake waliodai kwa miaka. Hata hivyo vyama havilingani. Viko vilivyobadili sheria na mitaa, na viko vilivyoendesha semina nyingi vikaacha mambo yalivyokuwa. Makala hii inahusu tofauti hiyo, na hoja yake ni moja: chama hufaulu pale kinapoifuata kesi ya mwanamke mmoja hadi mwisho, kisha kikaibeba kesi hiyo hiyo mpaka mtaani, mahakamani na bungeni. Chama kinachohudumia bila kudai kitauguza majeraha yale yale kila mwaka. Kinachodai bila kuhudumia hakina cha kuonyesha wakubwa wakitaka ushahidi.

Sharti la kwanza la kufaulu ni uhuru wa chama chenyewe. Mwaka 2012 wanazuoni Mala Htun na S. Laurel Weldon walichapisha katika jarida la American Political Science Review uchunguzi wa nchi 70, kuanzia 1975 hadi 2005. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya serikali zimechukua hatua nyingi dhidi ya ukatili kwa wanawake na nyingine chache. Utajiri wa nchi haukutosha kueleza, wala idadi ya wabunge wanawake, wala mrengo wa chama kilicho madarakani. Kilichoonekana kuwa na uzito wa kudumu ni harakati za wanawake zinazojitegemea, zisizo tawi la chama cha siasa wala idara ya serikali. Hata mikataba ya kimataifa huzaa matunda zaidi pale penye vyama vya namna hiyo vya kudai itekelezwe. Sababu inaeleweka. Ndani ya taasisi yenye malengo mengine, suala la mke kupigwa hushindana na uchaguzi na umoja wa chama, na mara nyingi huambiwa lisubiri. Chama kinachojitegemea hakina wa kukiamuru kisubiri.

Uhuru huo una gharama, na Tanzania inaijua. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilianza katikati ya miaka ya 1990 chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka. Lilitokana na juhudi za jumuiya ya wanawake ya chama tawala, lakini likataka kusimama lenyewe na kuwafikia wanawake wa vyama vyote na wasio na chama. Mwaka 1997 usajili wake ukafutwa. Viongozi wake walikwenda Mahakama Kuu, na hukumu ya kuwapa haki ilipotoka mwaka 2009, baraza lilikuwa limekwisha kutawanyika. Yaliyodumu ni mapatano ya vyama kadhaa, kila kimoja na fani yake: TAMWA ya wanahabari, iliyoanzishwa 1987, TAWLA ya wanasheria, 1989, TGNP ya masuala ya jinsia, 1993, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, 1995, na WiLDAF ya wanawake, sheria na maendeleo, 1997. Mwanahabari huibua, mwanasheria huandika rasimu, mtafiti hutoa takwimu, na kimoja kikibanwa vingine vinaendelea. Barua moja ya kufuta usajili haitoshi kuvinyamazisha vyote.

Sharti la pili ni kuijua kesi kwa karibu. Mwanamke aliyepigwa usiku huanza safari asubuhi. Hupita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, huenda polisi, hupewa fomu ya polisi ya PF3, huipeleka hospitali ijazwe na daktari, kisha huirudisha polisi iwekwe katika jalada. Kila kituo cha safari hiyo kinaweza kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Mjumbe atamwambia wakayamalize kifamilia. Askari atamwuliza alimkosea nini mumewe. Daktari mwenye foleni ndefu ataandika kwamba ana maumivu, pale ilipopaswa kuandikwa kwamba mkono umevunjika, na fomu hiyo ikifika mahakamani haina uzito. Mume anaweza kuikuta fomu nyumbani akaichana. Na giza likiingia, kama hakuna nyumba salama ya kumpokea, atalala chini ya paa lile lile na aliyempiga.

Msaidizi wa kisheria anayeijua kazi yake anazijua hatua hizi zote, na anajua ni ipi hukwamisha. Humsindikiza mwanamke hadi dawati la jinsia, huhakikisha ameandikiwa namba ya RB, inayoonyesha kwamba malalamiko yake yameandikishwa, humwomba daktari aeleze jeraha lilipo na ukubwa wake, na hutoa nakala ya PF3 kabla haijarudi kituoni. Daftarini huandika tarehe na cheo cha aliyepokea malalamiko. Huulizia kesi itatajwa lini, na siku hiyo huwapo mahakamani, kwa sababu mlalamikaji aliye peke yake mbele ya ukoo wa mume ni rahisi kushawishiwa asifike tena. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi hawa Tanzania Bara. Utambuzi huo ulitokana na miaka mingi ya vyama kuwafundisha na kuwatuma vijijini kabla serikali haijawapa jina katika sheria.

Daftari hilo ndilo linalounganisha huduma na madai. Kurasa zikijaa, chama huona kesi zinakokwama: kituo fulani PF3 hukosekana mwisho wa juma, wilaya fulani mashahidi hawaitwi, kata fulani baraza la usuluhishi wa ndoa humrudisha mke kwa mume mara nne kabla ya kumpa hati ya kwenda mahakamani. Chama chenye kumbukumbu hizo humwendea mkuu wa polisi wa wilaya na orodha ya majalada yaliyolala, na mazungumzo huwa ya majalada hayo. Mbele ya kamati ya Bunge, chama hicho hueleza kifungu gani kinakosekana na ni nani aliumia kwa kukosekana kwake.

Kazi ya kubadili sheria hujengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, baada ya kampeni ambayo TAMWA na vyama vingine viliisukuma kwa mbinu ya kuitoa habari moja kwa wakati mmoja katika magazeti, redio na televisheni, hadi wabunge wakawa hawana pa kutazama wasiikute. Lakini sheria hiyo haikumaliza suala la nyumbani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, ila hakitaji adhabu kwa atakayefanya hivyo, na Tanzania Bara bado haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Uganda ilipata yake 2010, na Kenya 2015, ambako vyama kama FIDA ya wanasheria wanawake, iliyoanzishwa 1985, vilidai kwa miaka mingi. Sheria ya Kenya inamwezesha mwanamke kuomba amri ya ulinzi, ambayo inaweza kumzuia mume kumkaribia au kumwondoa nyumbani, na inautambua pia ukatili wa kiuchumi na wa kisaikolojia. Kwa mke anayeogopa usiku wa leo, amri hiyo ina msaada wa haraka kuliko kesi ya jinai itakayosikilizwa baada ya miezi. Hiyo ndiyo sababu vyama vya Tanzania haviwezi kuliacha dai hili.

Hata sheria nzuri haifiki nyumbani kama jirani anaona kipigo ni haki ya mume. Sharti la tatu kwa hiyo ni kazi ya mtaani, na hapa mfano wa Afrika Mashariki ni wa kuigwa na dunia. Mwaka 1999 shirika la Kivulini lilianzishwa Mwanza, na mwaka huo huo Raising Voices likaanza Kampala. Mashirika haya yalilenga kuzuia ukatili kabla haujatokea. Raising Voices ndilo lililotunga mpango wa SASA!, uliotekelezwa Kampala na shirika la CEDOVIP katika mitaa ya Rubaga na Makindye. Wanaharakati wake ni wakazi wa hapo hapo, wake kwa waume: fundi cherehani, mwendesha bodaboda, muuza mkaa. Huanzisha mazungumzo gengeni na kibarazani, kwa picha za ukutani na maigizo mafupi. Swali lao la kwanza halihusu kosa la mwanamume. Humwuliza kila mtu ana nguvu gani juu ya mwenzake, na anaitumiaje. Mwanamume aliyewahi kunyanyaswa na tajiri wake analijibu kwa urahisi, na jibu lake humfikisha mwenyewe kwenye suala la mkewe.

Utafiti uliofanyika kati ya 2007 na 2012 ulilinganisha mitaa minne iliyopata mpango huo na minne iliyokuwa bado. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba katika mitaa ya SASA! wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52. Mitaa minane ni michache, na makadirio ya namna hiyo hayawezi kuwa ya uhakika kamili, lakini mwelekeo ulikuwa mmoja katika vipimo vingi: uvumilivu wa jamii kwa kipigo ulishuka, na aliyepigwa alisaidiwa vizuri zaidi na majirani. Waliohojiwa walikuwa wakazi wa kawaida, wala si wahudhuriaji wa mikutano pekee. Hilo linaonyesha kwamba mtaa wenyewe uliguswa.

Sharti la nne ni riziki. Wanawake wengi hawaondoki kwa sababu hawajui watakula wapi na watoto watasomeshwa na nani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Chama kinachomweleza mwanamke uamuzi huo, kikamsaidia kuorodhesha mali alizochuma pamoja na mumewe, kinampa uwezo wa kuchagua. Mikopo peke yake haitoshi. Utafiti wa MAISHA uliofanyika Mwanza kwa vikundi vya mikopo ya wanawake ulionyesha kwamba vikundi vilivyoongezewa mafunzo ya mahusiano na jinsia vilikuwa na ukatili mdogo kuliko vilivyopata mikopo bila mafunzo. Mafunzo yale yale yalipotolewa kwa wanawake wasio katika mikopo, tofauti kama hiyo haikuthibitika. Fedha na maarifa vinahitaji kwenda pamoja.

Yote haya hutegemea chama kinawajibika kwa nani. Kila mwaka, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, Siku 16 za Uanaharakati huleta mabango, maandamano na kamera. Mwanamke mwenye jicho lililovimba akipigwa picha na jina lake likatajwa, chama hupata habari, naye hurudi mtaani akiwa hana siri tena na mumewe akiwa na hasira mpya. Chama kinachowajibika kwa wanawake humwuliza kwanza, humweleza hatari, na hukubali akikataa. Humwacha pia aamue kuondoka au kubaki, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni lini kuondoka kutamhatarisha zaidi. Ulinzi huo uwafikie hata wafanyakazi wa chama, ambao husikiliza mateso kutwa nzima na kutishwa na ndugu wa watuhumiwa. Wakiachwa wachoke na kuondoka, mwanamke aliyewaamini huanza upya kwa mgeni.

Fedha za miradi mara nyingi haziendani na kazi hii. Mfadhili hutaka matokeo ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakati kubadili mtaa huchukua miaka na sheria huchukua muongo. Tena kipimo kinachopendwa, idadi ya kesi zilizoripotiwa, husomwa vibaya. Chama kikifanya kazi vizuri, kesi polisi huongezeka kwanza, kwa kuwa waliokuwa kimya wamepata pa kwenda. Kiwango cha ukatili hujulikana kwa tafiti za kaya: nchini Tanzania wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliosema wamewahi kupigwa tangu umri wa miaka 15 walikuwa asilimia 40 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 27 katika ule wa 2022. Hakuna chama kinachoweza kujitwalia punguzo hilo peke yake, na hata asilimia 27 ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Kipimo cha chama kimoja kinapaswa kuwa karibu zaidi na kazi yake. Kesi ngapi kati ya kilizozipokea zilifika hukumu, na zilizokwama zilikwamia wapi? Ni kituo gani cha polisi kilichobadili utaratibu kwa sababu ya kumbukumbu zake? Majirani wa mtaa kinakofanyia kazi huingilia wakisikia kipigo, au bado wanaongeza sauti ya redio? Wanawake waliohudumiwa wana kiti katika bodi yake? Chama chenye majibu ya maswali haya kinastahili fedha za muda mrefu na ulinzi wa sheria, na serikali inayokisikiliza inatimiza wajibu ambao ni wake tangu mwanzo: kumlinda raia wake, hata kama anayemuumiza analala naye nyumba moja.