Mshahara na nyumba visitoke mu shimo moja

Mutu akipata décompte final huku kwetu, wazo la kwanza ni parseli. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, ni vilevile: ananunua, anajenga annexe mbili tatu nyuma, anapangisha. Sisemi ni ujinga. Gécamines iliachisha watu zaidi ya 10,000 kwa départs volontaires kuanzia 2003, na kila mtaa unajua nani alikula feza ikaisha na nani alijenga.

Lakini tupige hesabu. Mwenye kupanga kwako anatumika wapi? Ku mugodi, ao anauzia chakula watu wa mugodi. Bei ya shaba ikianguka sawa mwisho wa 2008, wewe unapoteza kazi na lokateri anapoteza yake wakati uleule. Mshahara hakuna, kodi hakuna. Na huku Kolwezi madini iko chini ya vitanda vyetu. Kasulo watu walihamishwa mwaka 2017. Cité Gécamines wanaona mugodi unakula mtaa. Kwa sheria, udongo na chini yake ni mali ya Serikali.

Nchi zingine ziko na njia nyingine. Kampuni inakusanya feza za watu wengi, inanunua majengo makubwa, maduka, ofisi, depo, na hisa zake zinauzwa ku soko la hisa, ile bursa. Kodi ikiingia, wenye hisa wanagawiwa. Marekani waliweka sheria yake tangu 1960: kampuni ya namna hiyo inagawa angalau 90% ya faida inayohesabiwa kwa ushuru. Afrika Kusini walianza 2013, wao ni 75%. Kule Growthpoint iko na nusu ya V&A Waterfront, Cape Town, na mwalimu wa kawaida anaweza kuwa na kipande. Hagombani na lokateri juu ya bili ya SNEL, hatengenezi choo. Mtoto akigonjwa, anauza hisa kumi. Wewe mwenye parseli, utauza dirisha?

Si asali tupu. Nairobi, Fahari iliingia ku soko mwaka 2015 kwa shilingi 20 kipande kimoja. Bei ikashuka, ikashuka. Mwaka 2023 wadogo waliambiwa wachukue 11 watoke, na 2024 ikaondoka kabisa ku soko lile. Hisa inaanguka mbele ya macho ya watu wote. Nyumba yako nayo inaanguka bei, ila hakuna anayekuandikia kila asubuhi.

Sasa, Congo haina soko la hisa. Lusaka, hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, wako nalo tangu 1994. Kwa hiyo kijana mwenye kukungojea ku mlango wa mugodi, ao kukutumia ujumbe ku WhatsApp, eti "hisa za nyumba, 20% kila mwezi", muulize jengo liko barabara gani, hisa inauzwa ku bursa gani, nani anaikagua. Hakuna kodi ya nyumba inayotoa 20% kwa mwezi, hata Gombe. Wazee wanakumbuka Bindo, Kinshasa, mwaka 1991: watu waliuza hata vyombo vya nyumba ili waweke feza.

Kwa sasa basi? Parseli moja yenye certificat d'enregistrement ina nguvu kuliko tatu zenye karatasi ya chef de quartier. Sheria ya 1973 haitambui haki ya mutu mu parseli bila hiyo certificat. Na ya pili, kama unaweza, usiiweke pembeni ya mugodi uleule. Tafuta Kamina kwenye reli, ao Kalemie kwenye ziwa, penye mutu analipa kodi bila kungoja shaba. (Annexe za wanafunzi Lubumbashi? Nani analipia wale wanafunzi? Sisi haohao.)

Lakini mutu mmoja mmoja hawezi kufungua bursa. Kila mwezi wanakata CNSS ku mishahara yetu, na feza ile inafanya kazi mahali fulani. Délégués wetu wanaingia ku mazungumzo na makampuni wakiulizia unga, usafiri na prime. Waulizie pia: feza yetu ya uzee imejenga nini, wapi, na kodi yake inaingia kwa nani?