Sura ya kompyuta iwe ya mtumiaji

Na Rehema Mkilindi

Mtazame mchapaji wa steshenari yoyote pale Kariakoo. Anapotaka kufungua programu, mkono unampeleka wenyewe kona ya chini kushoto, kwenye kitufe cha Start. Kitufe hicho, pamoja na ule mstari wa chini unaopanga madirisha yaliyofunguliwa, vililetwa na Windows 95, Agosti 1995. Kizazi kizima kimejifunzia kazi hapo.

Mwaka 2012 ikaja Windows 8, kitufe kikaondolewa, skrini ikajazwa vigae vya rangi kana kwamba kila kompyuta imegeuka kuwa tableti. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha. Windows 11 nayo, mwaka 2021, ikakihamishia katikati. Unaweza kukirudisha kushoto, ndiyo, lakini kwa nini mwenye mashine aamke na kukuta vitu vyake vimehamishwa?

Apple imekuwa na msimamo zaidi. Menyu ya Mac ilikaa juu ya skrini mwaka 1984, na mpaka leo iko hapohapo. Hilo naliheshimu, ila bei ya mashine zenyewe wengi wetu hatuimudu.

Mfumo wa Linux ndio ulionishawishi. Huko eneokazi, yaani madirisha, menyu na aikoni, ni programu inayojitegemea juu ya mfumo. Unaweza kuitoa, ukaweka nyingine, na mafaili yako yasiguswe. Mwaka 2011 GNOME, mojawapo ya maeneokazi hayo, ilibadilisha sura yake kabisa kwa toleo la 3, na wengi hawakuipenda. Tofauti ni kwamba hawa hawakusubiri hisani ya kampuni. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kwa wote, waliichukua GNOME ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE. Watu wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, nao wakatengeneza eneokazi la Cinnamon, yenye menyu kona ileile ya chini kushoto.

Sisemi Linux haina taabu. Kuna skana zisizoelewana nayo, na barua iliyopangwa vizuri kwenye Word huweza kuvurugika ikifunguliwa kwa LibreOffice. Kwa anayeishi kwa kuchapa barua za watu, hilo si dogo.

Lakini Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Mashine hizo bado nzima. Nawaomba mafundi: kabla hamjamwambia mteja anunue nyingine, mwashieni Mint yenye Xfce, eneokazi jepesi, moja kwa moja kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski yake. Achape barua moja, aiprinti, askani cheti chake, kisha aamue mwenyewe.