Anayemkataa Boateng asiisahau njia ya Mombo

SHABIKI wa Lushoto anayelipa kiingilio kibandaumiza kuangalia Bundesliga huwa anataka mabao tu. Siasa za Wajerumani zinamhusu nini? Zinamhusu, tena kuliko zinavyomhusu shabiki wa Lindi au Mwanza.

Mei 2016 Alexander Gauland, kigogo wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji Ujerumani, alinukuliwa akisema watu wanamkubali Jérôme Boateng kama mchezaji, ila hawataki awe jirani yao. Boateng huyo kazaliwa Berlin, baba Mghana, mama Mjerumani, na miaka miwili tu nyuma alikuwa amebeba Kombe la Dunia kule Brazil. Siku maneno hayo yalipotoka gazetini, Ujerumani ilikuwa inacheza na Slovakia mjini Augsburg. Mashabiki wakainua bango kumwambia Jérôme ahamie jirani na kwao. Walichapwa 3-1, na mvua juu. Mwezi mmoja baadaye, kwenye Euro ya Ufaransa, Slovakia ilikuja tena, na Boateng akafungua ubao dakika ya nane. Safari hii ikawa 3-0.

Jirani! Neno hilo kwa watu wa Usambara lina historia yake. Lushoto yenyewe Wajerumani waliibatiza Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaiser wao. Wamisionari wao walifika Mlalo mwaka 1891, na reli yao kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Walowezi walijitwalia ardhi ya Wasambaa, wakalima kahawa, wakafurahia baridi, na hakuna aliyewaomba viza. Miaka ya 1930, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, wapo walowezi wa Kijerumani waliojiunga na chama cha Hitler wakiwa hukuhuku. Wageni kwenye nchi ya watu, wanahubiri ubora wa damu!

Mtanzania ana sababu nyingine ya kufuatilia. Yussuf Poulsen alikwenda Leipzig mwaka 2013, timu ikiwa daraja la tatu, akapanda nayo hadi Bundesliga na kukaa hadi 2025. Jimbo lile la Saxony ndilo ambako AfD ilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura mwaka 2024. Kwenye Kombe la Dunia la 2018, Poulsen aliifungia Denmark bao pekee dhidi ya Peru akiwa ameandika mgongoni Yurary, jina la marehemu baba yake, Mtanzania.

Januari 2024, baada ya kufichuliwa mkutano wa Potsdam uliojadili kuwarudisha makwao kwa wingi watu wenye asili ya nje, Wajerumani waliingia mitaani kwa mamia ya maelfu. Christian Streich, kocha wa Freiburg, aliacha kuongelea mechi na kuwataka watu wasimame. Mjini Hamburg, HSV na St. Pauli, mahasimu wasiopikika chungu kimoja, wote waliunga mkono maandamano. Pamoja na hayo, Februari 2025 AfD ilishika nafasi ya pili kwenye uchaguzi mkuu kwa asilimia 20.8. Bango halipigi kura, hilo lisemwe wazi. Lakini mchezaji aliye uwanjani anajua nani yuko naye.

Huku nyumbani, Januari 2025 Uhamiaji ilipotangaza kuwapa uraia wachezaji watatu wa Singida Black Stars, nchi nzima ilikuwa na la kusema. Kuhoji kama sheria ilifuatwa ni haki ya shabiki, na majibu alistahili kupewa. Ila yule anayeiacha sheria na kuanza kuhoji lafudhi na jina la mtu, huyo ameshakaa kiti kimoja na Gauland, hata kama amevaa jezi ya Simba au Yanga.

Ligi Kuu imejaa wageni na Mkwakwani wanapita wote. Mashabiki wanaoshuka kutoka Lushoto kuiangalia Coastal Union wanaweza kuanza na hili: mgeni wa timu pinzani akizomewa kwa asili yake badala ya pasi yake mbovu, jukwaa limnyamazishe mzomeaji palepale, bila kusubiri barua ya TFF.