Feni ya Umeme si Dawa ya Rejeta Iliyoziba

Wako wenye Land Rover za kale, zile za Series zilizoundwa hadi 1985, wanaong'oa feni inayozungushwa na injini na kufunga ya umeme mahali pake. Wengine husema huko ni kuharibu urithi. Mimi naona jambo lenyewe ni jema, bali huharibiwa na haraka.

Ni jema kwa kuwa feni ya asili hufuata mwendo wa injini. Katika barabara kuu, ambako upepo wenyewe watosha kupoza rejeta, huzunguka kasi na kula nguvu bure. Katika msongamano wa Kampala, upepo unapokosekana, nayo huzembea. Feni ya umeme hufanya kazi inapohitajika tu. Sisi wa jeshini twajua faida nyingine: gari la petroli linapovuka mto, feni ya injini hurusha maji juu ya nyaya za plagi, likazimika katikati. Ya umeme huzimwa kwa swichi kabla ya kuingia majini.

Lakini hapana budi tuulize kwanza: kwa nini gari lachemka? Lilipotoka kiwandani lilipozwa barabara na feni yake. Likichemka leo, mara nyingi rejeta imeziba kwa kutu, mkanda umelegea, au themostati imekwama. Kufunga feni mpya juu ya maradhi hayo ni kumbadilishia shuka mgonjwa wa homa na kudai amepona.

Pili ni umeme. Dainamo ya Land Rover za miaka ya 1960 hutoa takriban ampea 22 tu, tena injini ikiwa katika kasi. Feni moja yaweza kudai nusu yake au zaidi. Taa zikiwashwa usiku katika foleni, betri hufa. Kwa hiyo oltaneta itangulie, feni ifuate, pamoja na relei, fyuzi na waya mnene, kwani waya mwembamba huwaka moto. Wala feni isishikizwe kwenye mapezi ya rejeta. Mtikisiko wa barabara ya vumbi utaitoboa.

Tusione haya kumtaka fundi apime kabla ya kukata, na feni ya zamani itunzwe ghalani kwa ajili ya atakayerithi gari. Maji yakimwagika hayazoleki, na silinda hedi iliyopinda kwa joto haisikii majuto.